Tuliizika Kompyuta Mchana Kweupe

Kwetu Baraka, mji mdogo kando ya ziwa, ng'ambo ya Kigoma, wanawake wanajua kulia msiba, lakini mama yangu aliwazidi wote. Kukiwa na kilio mtaani, watu walikuwa hawaanzi kwa dhati mpaka yeye afike. Anakuja polepole, anavua sandali, anaweka mikono kichwani, na neno la kwanza likimtoka hata wanaume waliokuwa wakipiga porojo chini ya turubai wananyamaza. Nilikua nikijivunia kipaji hicho kama mtoto mwingine anavyojivunia baba mwenye gari. Sikujua kwamba siku moja atakitumia kwangu.

Nitaeleza kwanza mashine, kwa sababu wakati huo mashine ndiyo ilikuwa maisha yangu.

Kaka yangu mkubwa, ambaye sisi tunamwita yaya kwa heshima ya ukubwa wake, alikuwa mlinzi kwenye ofisi ya shirika moja pale mjini. Shirika lilipofunga ofisi, wakubwa waliwagawia wafanyakazi meza na viti. Yaya alichelewa, akakuta vimebaki vya kutupwa: kasha moja kubwa la kompyuta lisilo na mfuniko, na vingine viwili vidogo vilivyonyofolewa diski. Akavileta nyumbani kwa mkokoteni akidhani atauza vyuma. Aliyenionyesha namna ya kuwasha kompyuta ni yeye, siwezi kumnyima hilo. Aliyejua ifanye nini baada ya kuwaka nilikuwa mimi.

Nilikuwa nimesoma ukarani Uvira, na huko nilipenda zaidi chumba cha nyuma, kile kilichofungwa, kilichokuwa na mashine moja isiyo na mtu mbele yake na ambayo nyingine zote ziliitegemea. Nilitaka kuielewa ile. Nikajaza vitabu vya Kifaransa kwenye flashi, nikarudi navyo Baraka, nikaanza kujenga ya kwangu kwenye chumba tulichokuwa tukihifadhi mihogo.

Nilijenga kwa vya kuokota. Mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akivuka kwenda Kigoma kufuata sabuni na nguo za mitumba nilimwomba apite kwa mafundi wa kule aniulizie barete za kumbukumbu, vile vibao vyembamba vya RAM. Akaniletea zimefungwa ndani ya soksi ya mtoto. Betri ilikuwa ya lori lililokufa. Paneli ya jua niliipata kwa kuwachapia watu barua msimu mzima. Sikuwa na koleo ya kubana nyaya za mtandao, kwa hiyo nilizibana kwa bisibisi na jiwe, pini moja moja, na nusu ya nyaya ziliharibika kabla mkono haujazoea. Mfuniko wa kasha ulikuwa kipande cha chandarua dhidi ya vumbi, nikakikaza kwa mpira wa ndani wa baiskeli.

Kuku wa mama aligundua kabla ya watu wote kwamba nyuma ya kasha lile kuna joto. Akahamia pale, akataga, akalalia. Nikimfukuza anarudi na hasira. Mwishowe nikakubali tushirikiane, na mtandao wangu usio na waya, uliotoka kwenye kifaa kidogo cha antena mbili juu ya kasha, nikauita kuku-analalia. Hakuna mtandao mwingine duniani wenye jina hilo, naweza kuapa.

Mama aliniuliza siku moja ninafanya nini kutwa nzima na lile bati lisiloimba wala kuonyesha filamu. Nikamwambia bati ni moja, lakini ndani yake nimetia kompyuta nyingine kadhaa, na kila moja inaamini kwamba bati lote ni lake peke yake. Alikuwa akitwanga sombe, yale majani ya muhogo. Akasimamisha mchi, akafikiri.

“Basi iko sawa na bwana wa bibi batatu,” akasema. “Kila mumoja anasema huyu bwana iko wangu tu. Na bwana ananyamaza.”

“Njo vile, mama,” nikakubali.

“Na siku bwana anakufa?”

“Bote banakufa.”

“Aa. Basi mutunze huyu bwana.”

Katika vitabu vyangu vyote vya Kifaransa sikuwahi kukuta maelezo mazuri kuliko hayo. Tangu siku hiyo nikazipa kompyuta zile za ndani majina ya nyumbani. Iliyogawa anwani kwa kila chombo kinachoingia kwenye mtandao niliiita Mama, kwa sababu bila sahani kutoka mkononi mwake hakuna anayekula. Iliyokumbuka jina la kila mashine na mahali ilipo niliiita Shangazi. Iliyosimama mlangoni kuamua nani aingie na nani abaki nje niliiita Baba Mudogo, na kama baba mdogo wangu wa kweli, mwanzoni ilimfukuza kila mtu, hata mwenye nyumba.

Vile vikasha viwili visivyo na diski navyo vilikuwa na kazi. Vikiwashwa huamka vitupu, havijui hata vyenyewe ni nani. Vinaita mtandaoni kuomba anwani, Mama anavipa, kisha vinavuta kila kitu kutoka kwenye kasha kubwa na kuonekana kompyuta kamili. Kufika hapo kulinigharimu mvua yote ya mwaka ule na usingizi mwingi. Kikasha cha kwanza kilipoamka na kuandika salamu kwenye skrini nilipiga vigelegele peke yangu mpaka kuku akaruka, na yai moja likavunjika.

Habari ikafika Lusenda, kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi. Shirika moja lilitaka kufungua pale chumba cha kompyuta, na umeme wao ulikuwa wa jua kama wangu. Walitafuta mtu wa kuwajengea kasha moja lenye akili na skrini nyingi za kawaida zinazolitegemea, yaani kitu nilichokuwa nacho chumba cha mihogo. Mkubwa wao, mama mmoja kutoka Bukavu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasukuma pembeni karatasi zangu za shule.

“Leta kitu yako tuone inatembea,” akasema. “Ikitembea, kazi iko yako.”

Nilirudi Baraka nikiimba mgongoni mwa pikipiki, vumbi likaniingia mdomoni. Nyumbani niliwaambia wote. Kazi ya mshahara, ya kutumia kichwa changu, bila kumsubiri mwanamume yeyote anitoe mahali na kunipeleka mahali. Mama alishangilia. Yaya, aliyekuwa hana kazi tangu ofisi yake ifungwe, alinishika bega akasema atanisaidia kubeba kasha mpaka Lusenda. Nilimwona ni kaka wa kweli.

Kabla ya siku tuliyopatana, vita vikarudi. Nasema vilirudi kwa mazoea tu, maana kwetu havijawahi kuisha, huwa vinapanda milimani kupumzika. Kwanza ukaja uvumi, kisha wakaja watu wa vijiji vya kusini na magodoro vichwani, kisha tukasikia wenyewe milio. Kila mwenye mtumbwi akawa mfalme. Watu walivuka kwenda rasi ya Ubwari, wengine wakaendelea mpaka Kigoma.

Kasha langu halikuwa na nafasi kwenye mtumbwi. Na hata kama lingepata, mtu akikutwa njiani na bati lenye nyaya na antena, haulizwi mara mbili. Ni foni hiyo, redio ya mawasiliano, anaongea na adui. Wangapi wamekufa kwa redio ya kusikilizia mpira.

Watu wa kwetu walikuwa na dawa ya mambo hayo tangu vita vya kwanza. Ukiwa na mabati, cherehani au injini ya mtumbwi, unaizika uani, unatengeneza tuta la kaburi, unasimika msalaba. Lakini askari nao si wajinga, na walikwishajifunza. Kaburi lisiloliliwa walilichimba la kwanza. Kwa hiyo ilibidi kaburi letu liwe na msiba, na msiba uonekane, mchana kweupe, mbele ya majirani ambao hawajui kitu.

Mama ndiye aliyepanga. Tukasema mdogo wake ameletwa kutoka Ubwari akiwa mgonjwa na amefariki alfajiri. Mama hakuwa na mdogo wa hivyo. Tulimzaa siku ile. Nikalifunga kasha ndani ya shitingi, lile turubai la plastiki la msaada, pamoja na vifuko vya mkaa vya kunyonya unyevu, nikaweka pembeni kile kifaa cha mtandao na antena zake, tukaviringisha yote kwenye blanketi na mkeka. Nilitaka kuchomoa diski niende nayo kiunoni, maana akili yote ya mashine imo humo. Yaya akanizuia.

“Ukikutwa nayo ku bariere ya askari utasema nini?” akaniuliza. “Hawatajua kama ni diski. Acha ilale mu mwili yake.”

Niliona anaogopa kwa ajili yangu. Nikaiacha.

Yaya alichimba. Mzee wa kanisa akaja akaomba kwa moyo wote, maskini, akamkabidhi marehemu wetu wa shitingi kwa Mungu. Jirani mmoja, ambaye mwenyewe alikuwa anafunga mizigo ya kukimbia, alileta unga wa muhogo. Nikaupokea nikiwa nimeinamisha uso, na watu wakadhani ni huzuni.

Kisha mama akaanza.

“Nilikubeba mu mugongo, mudogo yangu! Nilikubeba mpaka ukajua kutembea! Leo umenishusha mu njia, umenishusha mu njia!”

Nilijua ndani ya mkeka mna bati na mkaa, nilivifunga kwa mikono yangu, lakini machozi yalinitoka. Majirani wakaanguka kila upande wakilia. Hata yaya alifuta macho kwa mkono wenye udongo. Baadaye, tulipoingia ndani, mama alikunywa maji, akanikonyeza, na mimi nikacheka mpaka nikaziba mdomo kwa kikwembe, kitenge nilichojifunga. Ndiyo mara ya mwisho tulipocheka pamoja hivyo.

Kesho yake yaya aliniambia nivuke na mke wake na watoto. Msichana kama mimi kubaki mjini na watu wenye bunduki, alisema, haiwezekani. Yeye atabaki na mama, wakizidiwa watalala mashambani. Akamfunga mtoto wake mdogo mgongoni mwangu kwa mikono yake mwenyewe, akakaza fundo.

“Mutunze,” akasema.

Nilimtunza. Ubwari tulikaa kwa ndugu za mke wa yaya, nyumba moja watu wengi, chakula ni ndakala, wale dagaa wa ziwani, na bugali siku tukipata. Mtoto akapata homa, nikatembea naye mgongoni kumtafutia dawa, nikarudi naye mgongoni. Akilala nilichora mchangani kwa kijiti: Mama hapa, Shangazi pale, Baba Mudogo mlangoni. Nilirudia kila amri nisije nikasahau, kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba vita vikitulia nitafukua bati langu, nitalipeleka Lusenda, na litatembea.

Vilitulia. Tukarudi. Nyumba ilikuwa imesimama, milango imechukuliwa, kuku hayupo. Nikakimbilia uani. Kaburi lilikuwapo, tuta zuri, msalaba wima. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na akasema amina.

Nilitaka kuchimba siku ile ile. Mama akakataa. Majirani wamesharudi, alisema, wale waliotuletea unga; wakituona tunafukua maiti watatuita wachawi, na wakijua hapakuwa na maiti itakuwa mbaya zaidi. Nisubiri watu wapungue, nisubiri wasahau kidogo. Nikamuuliza yaya kuhusu watu wa Lusenda. Alikuwa amepata kazi huko huko kambini, ya kulinda depo, ghala la unga, na alikuwa anakuja nyumbani kwa nadra.

“Bale bantu ba kompyuta bamefunga,” akaniambia. “Vita ilibaogopesha. Ngoja, batarudia.”

Nikangoja. Mimi ni mtu wa hasira ya karibu, kila anayenijua atakwambia, lakini kwa hao wawili nilikuwa na subira ya punda.

Siku mtaa wote ulipokwenda sokoni kupokea msaada wa mbegu nilisema inatosha, nikachukua jembe. Mama alinifuata. Udongo ulikuwa laini mno. Nilifika kwenye mkeka, nikauvuta, ukaja mwepesi. Ndani ya blanketi mlikuwa na mawe, yamepangwa vizuri ili tuta lisibonyee.

Sikumbuki nilisema nini. Ninakumbuka mama alikaa chini, mikono kichwani, akalia.

“Nilikubeba mu mugongo! Nilikubeba mpaka ukajua kutembea! Leo umenishusha mu njia!”

Hata katika uchungu ule nilisikia kwamba ni maneno yale yale. Nikajiambia kila mtu ana kilio chake kimoja, kama kila mtu alivyo na mwandiko mmoja. Nikamwinua, nikamfuta udongo, nikambembeleza mimi niliyeibiwa. Akasema ni askari. Nikakubali ni askari, ingawa sijawahi kuona askari anayeiba kisha akapanga mawe, akarudisha tuta na kusimika msalaba. Akili ilikuwa inaniambia kitu, na mimi nilikuwa naiambia inyamaze. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani anavua nguo ajikague mbele ya mama yake?

Kisha yule mtoto wa yaya, niliyembeba, akaugua tena, na baba yake hapokei simu. Mke wake akaniomba niende Lusenda nimwite. Nikapanda pikipiki. Kambini niliuliza depo ya unga; watu walinielekeza, na mlinzi niliyemkuta hakumjua yaya wangu. Nikaanza kuzunguka nikiuliza. Nilipopita kwenye ua wa majengo mapya kando ya barabara, simu ikatetemeka mfukoni. Nilidhani ni yeye anapiga.

Simu ilikuwa imejiunga na mtandao, yenyewe, bila kuniuliza, kama inavyofanya ikifika nyumbani. Kwenye skrini palikuwa na jina: kuku-analalia.

Nilisimama pale juani. Simu haijui uongo, haina kaka wala mama. Iliona kitu inachokifahamu, ikasalimia.

Nikafuata dirisha lililokuwa wazi. Ndani kulikuwa na safu za skrini, na mbele ya kila skrini mwanamke wa Burundi na mtoto mapajani. Kwenye kona, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa, lilikaa kasha langu, na chandarua changu, na mpira wangu wa baiskeli. Yaya alikuwa amesimama mbele, shati jeupe, kitambulisho shingoni.

“Kompyuta iko moja tu,” alikuwa akiwaambia. “Ni sawa na bwana wa bibi batatu. Kila mumoja anasema huyu bwana iko wangu tu.”

Wanawake wakacheka. Kasha ningeweza kulielewa, njaa inaiba kasha. Lakini alikuwa amechukua mpaka mzaha wa mama.

Niliingia. Yaya aliponiona uso ulimwanguka, kisha akauokota. Nyuma ya chumba alikuwa amekaa yule mkubwa kutoka Bukavu. Akasimama, akanikumbatia kwa furaha ya kweli.

“Karibu! Yaya yako alituambia umeolewa Kigoma. Hongera, felisitasio!”

“Sijaolewa,” nikasema. “Na ile mashini ni yangu. Ni mi niliitengeneza.”

Mkubwa akamgeukia yaya. Yaya hakupandisha sauti, na hilo liliniumiza zaidi.

“Ni ya kwetu nyumbani, mama,” akasema. “Mi nililetaka chuma, ye alinisaidia. Vita ilituachanisha.”

Mama yule alitutazama, mmoja baada ya mwingine. Ninaamini alielewa. Lakini chumba chake kilikuwa kinatembea, wanafunzi wake wamekaa, na taarifa ya kazi nzuri pengine ilikwisha kwenda Bukavu.

“Mambo ya familia,” akasema taratibu, “mutamaliza nyumbani.”

Yaya akanitoa nje akinishika kiwiko. Nikamwambia mtoto wake anaumwa, kwa sababu ndilo lililonileta. Akashukuru. Kisha akasema, akiangalia viatu vyake, “Usinikasirikie peke yangu. Ni mama yetu njo alisema nitoe ile kitu.” Akarudi darasani.

Nilibaki ukutani. Simu ilikuwa bado imeungana. Nikaandika anwani ninayoijua kuliko jina la babu yangu, nikaweka neno la siri. Hakuwa amelibadilisha, hakujua linabadilishwa wapi. Orodha ikafunguka: Mama, Shangazi, Baba Mudogo, wote wako hai, wote wanafanya kazi. Nikabonyeza jina la Mama, nikamzima, nikazuia asiamke mwenyewe.

Hakuna kilichotokea. Ndani yaya aliendelea kufundisha. Ukizima anayegawa anwani, waliokwisha kula hawajui kama jiko limezimwa. Watajua kesho, watakapoamka na njaa. Wale wanawake hawakunikosea kitu, hilo nalijua, na nililijua hata wakati kidole kinabonyeza. Nikapanda pikipiki nikarudi Baraka.

Mama alikuwa uani akigeuza mihogo juani, hatua chache kutoka kwenye lile shimo nililokuwa nimelifukia vibaya. Msalaba bado ulikuwa umelala pembeni. Aliponitazama usoni hakuuliza nimetoka wapi.

“Umeona,” akasema.

“Ni we ulimwambia atoe?”

“Mi nilishika jembe ya pili.”

Aliendelea kugeuza mihogo, kipande kwa kipande, upande mweupe juu.

“Yaya yako iko na batoto,” akasema. “Kazi ilipotea, batoto banakula nini? We utaolewa, utapeleka ile kazi kwa bantu bengine. Ye njo atabaki hapa. Ye njo atanizika.”

“Na mi, mama?”

“We iko na akili. Mutu wa akili anaanza tena.”

Nimetukanwa mara nyingi maishani, na askari, na walimu, na wanaume walevi. Hakuna tusi lililonichoma kama sifa ile. Kumbe akili niliyokuwa naitafuta miaka yote ndiyo iliyonifanya nistahili kuibiwa.

“Na ile siku tulifungua kaburi,” nikasema, “ulijua kama muko mawe. Ulikuwa unalia nini?”

Hapo mikono yake ilisimama. Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akajifuta unga wa muhogo kwenye kikwembe.

“Siku ya kwanza nililia ile chuma, ili batu baone,” akasema. “Siku ya pili nililia we.”

Ningependa kuandika kwamba neno hilo lilinilainisha. Halikunilainisha. Mtu anayekulilia huku ameshika jembe anajua vizuri anachokifukia. Niliingia ndani, nikaanza kukunja nguo zangu. Kile kikwembe nilichombebea mtoto wa yaya nilikikunja pia, nikakiweka juu ya kitanda cha mke wake.

Asubuhi simu iliita. Ilikuwa juu ya meza, jina la yaya limeandikwa wazi, na mimi sikuigusa. Ikakata, ikaita tena. Nilimwona akilini: safu za skrini nyeusi, wanawake wamekaa, yeye anachomoa waya huu na kuchomeka ule. Mama alitoka jikoni na mikono yenye majivu, akaitazama simu, akanitazama mimi, akaichukua.

“Allô, papa,” akasema kwa sauti yake ya upole kabisa, ile anayomwitia yaya tangu utoto. Akasikiliza. “Usisumbuke. Mudogo yako anakuja sasa hivi kukusaidia. Ye hana roho mubaya.”

Akanirudishia simu. Akatoka mwenyewe mpaka barabarani, akasimamisha motard, dereva wa pikipiki ya kukodi.

Nikachukua begi langu. Mama aliliona ni kubwa mno kwa safari ya kwenda na kurudi. Aliniwekea mihogo mikavu kwenye mfuko, nikaipokea. Tulipovuka nyumba za mwisho motard akageuza kichwa akaniuliza, “Mama amesema Lusenda, ni vile?”

“Uvira,” nikamwambia.

Lakini barabara ya Uvira inapita Lusenda, hakuna nyingine. Kwenye bariere mbele ya kambi pikipiki ilipunguza mwendo, na simu ikatetemeka. Nikaitoa. Ilikuwa imemtambua kuku. Ikaandika kwamba inatafuta anwani, ikatafuta, ikaendelea kutafuta. Ningeweza kushuka; nilijua mahali pa kubonyeza, ni kazi ya kufumba na kufumbua. Nikairudisha mfukoni ikiwa bado inaomba, nikamwambia motard aende.